Meli ya Karibiani yenye ambiansi ya vijana: tuchague ipi?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu, jambo bayaya. Tuko sita, wanaume watatu na wanawake watatu, wa miaka 20 mpaka 27. Likelemba yetu (akiba ya pamoja ya kuchangiana) inaisha mwezi wa kumi na mbili, na badala ya kila mmoja kununua televizyo tumekubaliana kupanda meli ya matembezi kule Karibiani, usiku nne mpaka saba. Tunataka ambiansi: muziki, dansi mpaka usiku mkubwa, bwawa la kuogelea, watu wa rika letu. Hatutaki kujikuta kati ya ba nkambo wanaocheza karata na kuzima taa saa tatu.

Kwenye intaneti kila mtu anataja Icon of the Seas, eti njo kubwa kuliko zote. Ukubwa ndiyo ambiansi? Na kama siyo hiyo, ni ipi? Kabini ngapi kwa watu sita? Kifaransa tunacho, Kiingereza chetu ni cha kuomba maji tu. Mtupe na hesabu, siyo sifa.

YayaWaSafari (Lubumbashi)

Mdogo wangu, ukubwa siyo ambiansi. Icon of the Seas ilianza kazi Januari 2024 kutoka Miami. Ukihesabu watu wawili kwa kila kabini inabeba abiria 5,610, na vitanda vyote vikijaa inafika 7,600. Sasa jiulize hao karibu elfu mbili wa juu ni nani. Wengi ni watoto, wale wanaolala kitanda cha tatu na cha nne. Ile meli imechorwa kwa ajili ya familia, hata ina mtaa mzima unaoitwa Surfside kwa wenye watoto wadogo. Mkienda mwezi wa saba mtapanga mstari wa mtelezo wa maji nyuma ya watoto wa miaka tisa. Meli nzuri sana, lakini haijibu swali lenu.

Umri wa watu utakaowakuta melini unaamuliwa kwanza na idadi ya usiku, halafu tarehe. Jina la meli linakuja nyuma.

Safari ya usiku 3 au 4 inachukuliwa na watu wenye kazi na likizo fupi: siku za kuzaliwa, wasichana wanaomsindikiza rafiki anayeolewa, makundi kama lenu. Usiku 7 ni mchanganyiko, familia na wapenzi. Ukipita usiku 10 umeingia kwa wastaafu, maana nani mwingine ana wiki mbili za bure? Na kwenye hizo fupi kuna tofauti: inayoondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu ndiyo yenye moto, kwa sababu kila mtu anajua ana siku tatu tu za kumaliza nguvu zake. Ya Jumatatu mpaka Ijumaa huwa na bei ya chini kwa usiku mmoja, na imepoa kidogo.

Tarehe. Vyuo vikuu vya Marekani vinafunga kwa zamu mwezi wa tatu, na meli fupi za Florida zinajaa wanafunzi. Watu wanadhani ndiyo wakati bora. Mimi sikubali. Bei inapanda, na wanafunzi wengi hawajafika miaka 21, kwa hiyo hawaruhusiwi pombe na wanazunguka ngazini usiku kucha. Kwa watu wa miaka 23 mpaka 30, chukueni kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei: Pasaka imepita, shule hazijafungwa, bei imeshuka. Julai, Agosti na wiki ya Noeli ni za watoto. Kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba ni msimu wa vimbunga, na kilele chake ni karibu tarehe 10 Septemba. Bei ya Septemba inavutia, lakini ujue unanunua nini: kapiteni hapiti katikati ya kimbunga, anabadilisha njia. Umelipia Cozumel ya Meksiko, unashushwa Nassau ya Bahamas, na kampuni inakurudishia ushuru wa bandari ile tu.

Basi meli. Kwa maelezo yako ningeweka mbele Utopia of the Seas ya Royal Caribbean. Ilianza Julai 2024 kutoka Port Canaveral, na inafanya usiku 3 na usiku 4 tu, Nassau na kisiwa chao wenyewe cha CocoCay. Zamani kampuni zilikuwa zinatuma meli kuukuu kwenye safari fupi na kuziweka mpya kwenye usiku saba. Hii ni ya kwanza ya ukubwa wake kuzaliwa kwa kazi ya wikendi. Pale CocoCay kuna Hideaway Beach, ya wenye miaka 18 na zaidi, ina bwawa lake na didjei wake. Kiingilio ni cha kulipia mbali. Nunueni kwenye programu yao ya simu kabla ya kuondoka nyumbani, maana siku ya kufika mara nyingi bei imepanda ama nafasi zimekwisha.

Virgin Voyages ni njia nyingine: hakuna mtoto hata mmoja, kuanzia miaka 18. Meli zao ni ndogo zaidi, abiria kama 2,770, na chakula cha migahawa yote, soda na intaneti ya kawaida viko ndani ya bei. Pombe unalipa kwa glasi. Wana usiku mmoja wa nguo nyekundu, Scarlet Night, unaoishia kwenye bwawa, watu wazima na nguo zao. Ila msidanganyike na neno "watu wazima": wengi mle wana miaka thelathini na kitu, arobaini. Wanacheza dansi kweli, lakini siyo rika lenu.

Carnival ndiyo rahisi kwa bei na ndiyo yenye kelele nyingi kwenye sitaha ya bwawa. Mardi Gras (2021) na Celebration (2022) zina hata roler kosta juu ya paa. Princess na Holland America, achaneni nazo. Ni kampuni za heshima, lakini humo ndimo taa zinazimwa saa tatu.

MtuWaNguba (Bukavu)

Yaya amesema vizuri, ila karuka jambo ambalo litawakwamisha bandarini: huyo wa miaka 20.

Carnival haimpandishi mtu chini ya miaka 21 bila ndugu ama mlezi wa miaka 25 na zaidi. Rafiki mkubwa siyo mlezi. Royal Caribbean, kwa meli zinazotoka Marekani, inataka kila kabini iwe na angalau mtu mmoja wa miaka 21. Kwa hiyo anaingia, mradi alale kabini moja na mkubwa, na pombe hapati. Kadi ya mlango inabeba umri wake. Anayeuza vinywaji anaisoma kwenye mashine, hakuna kubembeleza. Virgin inampokea kuanzia 18. Umri unahesabiwa siku ya kupanda, siyo siku ya kulipa.

Na msije mkaniambia bahari ni kama Ziwa Kivu. Kati ya Bukavu na Goma wimbi linapiga fupi-fupi, linaisha. Kule wimbi ni refu, meli inainama polepole saa nzima, na tumbo linachoka bila wewe kujua. Kabini ya katikati na ya chini ndiyo inayotikisika kidogo; ya mbele kabisa juu ndiyo mbaya. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla meli haijatoka, ukishaanza kutapika imechelewa. Tangawizi inasaidia kidogo. Tumbo tupu halisaidii.

DosieKamili (Goma)

Mnashindana juu ya meli wakati hamjafungua paspoti.

Meli zote alizotaja yaya zinatoka Florida, kwa hiyo mnahitaji viza ya Marekani ya matembezi, B1/B2. Fomu ni DS-160, malipo ni dola 185 kwa mtu, hayarudishwi ukikataliwa. Sita ni dola 1,110 kabla hamjagusa maji. Mahojiano ni ubalozini Kinshasa, kwa hiyo ongezeni ndege ya Lubumbashi–Kinshasa na usiku wa kulala kule.

Viza ikitoka, msiangalie picha kwanza, angalieni sehemu ya idadi ya kuingia. Herufi M maana yake mara nyingi. Namba 1 maana yake mara moja, na hiyo moja mtaitumia uwanja wa ndege. Meli ikitoka Port Canaveral ikagusa Bahamas, mmeshatoka Marekani; kurudi bandarini ni kuingia mara ya pili. Na haiwezekani isiguse nchi nyingine: hizi meli zimeandikishwa kwa bendera za kigeni, na sheria ya Marekani hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kuzungusha abiria na kuwarudisha bila kupitia nchi ya nje.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Shikeni nafasi melini kwa malipo ya kwanza yanayoweza kurudishwa. Kuna bei ya chini kidogo isiyorudishwa. Hiyo ni ya watu wasiohitaji viza. Halafu viza. Pesa yote inadaiwa mara nyingi kati ya siku 75 na 90 kabla ya safari, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Viza isipokuwa mkononi siku ile, futeni mrudishiwe. Ndege mnunue mwisho.

Mwandikieni wakala kwa maandishi kwamba ninyi ni raia wa Kongo-Kinshasa, mumwulize visiwa vya njia ile vinadai nini. Kila kisiwa kina kanuni zake, na kampuni zote zinasema viza ni jukumu la abiria: ukizuiwa mlangoni, pesa imekwenda. Nasisitiza Kinshasa kwa sababu wa kaunta wanachanganya. Paspoti yetu inasoma COD. COG ni Brazzaville, na tangu Juni 2025 Brazzaville imo kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa kuingia Marekani. Mtu akipiga herufi moja vibaya kwenye kompyuta, mtaambiwa hampandi. Hakikisheni COD kwenye kila karatasi ya booking. Na kanuni hizi zinabadilika, mzisome tena siku ya kumaliza kulipa.

Karte ya manjano ya homa ya manjano: Bahamas na Jamaika zinaidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na Kongo imo. Sindano moja inatosha maisha yote, lakini karte inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Msichome wiki ya mwisho. Paspoti nayo iwe na miezi sita mbele ya siku ya kurudi.

Kuhusu ndege: kupitia Addis Ababa ndiyo nyepesi, halafu Washington, halafu Florida. Kwa njia ya Ulaya, raia wa Kongo anadaiwa viza ya kupita uwanjani hata asipotoka nje; mwenye viza ya Marekani inayofanya kazi anasamehewa. Fikeni siku mbili kabla. Koli (begi kubwa la mizigo) ikibaki njiani, siku moja haitoshi kuipata, na meli haisubiri: mlango unafungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Uwanja wa Orlando mpaka Port Canaveral ni kama kilomita 70, siyo karibu kama mnavyofikiri mkiangalia ramani kwenye simu.

Mmesema Kifaransa mnacho. Basi kuna mlango mwingine kabisa: MSC na Costa zinapakia abiria Fort-de-France na Pointe-à-Pitre, Martinique na Guadeloupe, miezi ya baridi ya Ulaya. Matangazo yanatoka na kwa Kifaransa, wengi melini ni Wafaransa na Waantiye, yaani watu wa visiwa vile, na zouk, muziki wao, mtaisikia. Viza ya Marekani haihitajiki ikiwa njia haigusi visiwa vyake. Mtego wake: viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, peke yake haiingii Martinique, lazima iandikwe kwamba inafaa pia kwa majimbo ya Ufaransa ya Amerika. Waambieni wa ofisi ya viza siku ya kuweka dosie, siyo baadaye. Na ndege nyingi za kwenda visiwa vile zinatoka Orly, mmoja wa viwanja vya ndege vya Paris. Mkishukia Roissy, kiwanja kingine, mnavuka Paris kwa gari, kwa hiyo Schengen yenyewe bado mnaihitaji.

YayaWaSafari (Lubumbashi)

Kweli kuhusu Martinique, lakini nyongeza: hizo ni usiku 7 na zaidi, katikati ya baridi. Familia na wastaafu wa Ulaya wanakimbia theluji. Lugha mtaipata, rika mtalikosa. Ni kuchagua.

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Aksanti sana wote. Kumbe huyo mdogo wetu anafika 21 tarehe 9 mwezi wa nne. Basi tunaelekea Utopia, Ijumaa ama Jumatatu, mwisho wa Aprili, na DosieKamili ametutisha vya kutosha, tunaanza na viza.

Yaya, kabini sasa. Na ile pakeji ya vinywaji inafaa? Wawili wetu hawakunywi kabisa. Na malipo melini ni kwa karte ama kwa pesa mkononi?

YayaWaSafari (Lubumbashi)

Kabini: bei mnayoiona ni ya mtu mmoja, wakiwa wawili ndani. Wa tatu analipa kidogo kuliko wale wawili, ila ushuru wa bandari na bakshishi analipa sawa nao. Kwa hiyo mbili za watatu, wanaume upande huu na wanawake upande ule, ni rahisi kuliko tatu za wawili. Kabini ya ndani, isiyo na dirisha, ina mita za mraba kama 14 mpaka 17, kitanda cha tatu kinashuka kutoka darini na ngazi yake, na bafu ni moja, mlango wake ukiufungua kiwiko kinagonga ukuta. Wanawake watatu na bafu moja saa ya kwenda kula, mnajuana wenyewe. Kabini za watatu zinakwisha mapema, maana idadi ya watu kwa kila sehemu ya meli imefungwa na nafasi za maboti ya kuokolea. Hata kabini ikiwa na kitanda cha tatu, kompyuta inaweza kukataa.

Kabla ya kukubali namba ya kabini fungueni mchoro wa sitaha, muangalie iliyo juu yake na iliyo chini. Chini ya bwawa, viti vinaburutwa kabla jua halijatoka. Juu ya ukumbi wa dansi, besi inapanda kwa godoro mpaka saa nane za usiku. Najua mtakuwa humo ukumbini, lakini usiku wa tatu mtataka kulala. Nzuri ni yenye kabini juu yake na kabini chini yake.

Vinywaji. Royal Caribbean inadai mtu mzima mmoja akinunua pakeji ya pombe, wote wa 21 na zaidi katika kabini ile wanunue. Hapa ndipo hao wawili wasiokunywa wanabadilisha mpango: kama mmoja ni mwanaume na mwingine mwanamke, kabini mbili za watatu zitawalipisha bure. Chukueni tatu za wawili, wasiokunywa kabini moja, ama msinunue pakeji. Kampuni haijali ni kaka na dada ama siyo, hiyo ni kazi yenu kuelezana na wazazi.

Hesabu yenyewe: tuseme pakeji ni dola 80 kwa siku, inaongezwa asilimia 18 ya bakshishi, inakuwa 94.40. Kokteli moja ya dola 14, pamoja na hiyo asilimia 18, ni 16.52. Gawanya: unahitaji glasi sita kila siku ndipo uanze kufaidi, na siku ya CocoCay nusu mtakuwa majini. Kwa usiku 4 ni dola 377.60 kwa mtu, wakati mwingine inakaribia bei ya kitanda. Kwa kawaida yetu, wanne wanaokunywa kwa kiasi, glasi-glasi ni bora. Siku ya kupanda kila mtu wa 21 anaruhusiwa kuingia na chupa moja ya divai ya mililita 750. Muibebe mkononi, isiende na koli.

Bakshishi ya wafanyakazi inakatwa kila siku, kabini za kawaida karibu dola 18.50 kwa mtu. Sita kwa usiku 4 ni dola 444. Iwekeni kwenye bajeti leo, siyo siku ya mwisho.

Malipo: melini hakuna pesa mkononi, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya mlango wako. Karte za benki zetu nyingi ni za kulipa na pesa iliyomo, na hapo kuna tabu: meli inashikilia kiasi kila siku ili iwe na uhakika, na kilichoshikiliwa kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla hakijarudi. Kama ndiyo karte pekee ya kulipia hoteli ya kurudi, mmekwama Orlando na pesa yenu mkiiangalia. Wekeni dola taslimu kwenye kaunta ya abiria siku ya kwanza, karte ibaki ya nchi kavu. Na zile noti zenye kipasuko wanazowakatalia soko la Kenya hapa Lubumbashi, na zile za dola moja moja ambazo hapa hakuna anayezitaka, msizitupe: kule zinapokelewa, na Nassau noti ya moja ndiyo ya bakshishi ya teksi.

MtuWaNguba (Bukavu)

Mkishuka kisiwani angalieni saa ya meli, siyo ya simu. Simu inaweza kushika saa ya mnara wa kisiwa. Saa ya mwisho ya kurudi inaandikwa kwenye mlango wa kushukia. Ikipita, meli inaondoka na mizigo yenu.

SapeKamalondo (Lubumbashi)

Hakuna aliyesema la maana kuliko yote. Pasi ya kunyoosha nguo haiingii melini. Hata ile ndogo ya safari, hata ya mvuke. Wakiiona kwenye mashine ya mizigo wanaichukua, na koli yako inabaki chini mpaka uende kuieleza. Ndugu yake ni waya wa kuongezea umeme wenye matundu mengi, nao wanaushika. Carnival wana vyumba vya kufulia vyenye pasi ndani. Royal Caribbean hawana, unawapa nguo wanapiga kwa malipo, na wakati mwingine zinarudi kesho yake. Safari yenyewe ni usiku nne.

Kwa hiyo kunjeni nguo kwa kuviringisha, na shati la usiku wa kuvaa vizuri litundikwe bafuni huku maji ya moto yakimwagika, dakika kumi. Koli kubwa mnaziacha kwa wabebaji bandarini, zinafika mlango wa kabini saa kumi na moja, hata saa moja ya usiku. Wakati huo bwawa limeshajaa na didjei ameshaanza. Nguo ya kuogelea, ndala na dawa ziwe kwenye begi la mkononi.